Mizizi Elfu na Mia Tano

Daktari Liang alikuwa amepanda nywele kwenye vichwa vya wenye viwanda, vya maofisa, na cha bwana harusi mmoja aliyekuwa na haraka, lakini hakuwahi kuombwa bei ya jumla. Kasmir aliiomba. Aliiomba akiwa amekaa ukingoni mwa kiti, kikokotoo mkononi, maana miaka sita ya kununua na kusafirisha mizigo Guangzhou ilikuwa imemfundisha kwamba bei ya kwanza ni salamu tu, na mtu halipi salamu.

"Mwambie laoban hivi," alimwambia mkalimani, akitumia neno la Kichina la mwenye duka. "Yuani kumi na nne kwa mzizi ni bei ya mtu anayetaka mizizi kumi. Sisi tunachukua elfu na mia tano. Apige hesabu tena."

Mkalimani huyo, Ameir, alikuwa Mzanzibari wa makamo aliyekuja kusomea udaktari, ada ikamshinda mwaka wa nne, akabaki kuwatafsiria wafanyabiashara kwa malipo ya siku. Alizoea kutafsiri viatu na betri. "Kaka Kasmir," alisema, "huyu si laoban. Huyu daktari."

"Kliniki ya nani?"

"Yake."

"Basi ni laoban."

Kichwa kilichokuwa kikipatanwa bei kilikuwa cha Felisia, mke wa Kasmir, naye alikuwa amekaa chini ya taa na kitambaa chake mapajani. Kuanzia juu ya paji la uso, kuzunguka hadi nyuma ya masikio, upana wa vidole vitatu, nywele zilikuwa zimekwisha na ngozi ilikuwa laini kama ya kiwiko cha mtoto. Felisia alikuwa akiuza nywele. Alizinunua hapo hapo Guangzhou kwa kilo, za kushonea na za wigi, akazipeleka Kahama na Mwanza, ambako wanawake walimsifu kwa mzigo mzuri. Kwa kutangaza biashara alizishonea kichwani mwake miaka yote, zikivutwa na kukazwa, hadi zake mwenyewe zikaaga. Kinyozi hajinyoi, lakini huyu alikuwa amejinyoa kabisa. Alichokitaka sasa kilikuwa kidogo: kulala bila kitambaa. Miaka minne alikuwa akikifunga kabla mumewe hajapanda kitandani, na miaka minne mumewe alijifanya hajui.

Daktari alieleza kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutoa mzizi mmoja mmoja kwa sindano yenye tundu, na wateja wengi huipenda kwa sababu haiachi kovu la kuonekana. Ya pili ni kukata ukanda wa ngozi kisogoni, ambako nywele bado zimejaa, kushona palipokatwa, kisha kuuchambua ukanda ule mzizi kwa mzizi na kuupanda mbele. Kasmir aliuliza ipi rahisi kwa bei. Daktari aling'oa unywele mmoja wa Felisia, akauweka chini ya kioo cha kukuzia, akawaita waangalie.

"Anasema nywele zenu zimejipinda hata zikiwa bado ndani ya ngozi," alitafsiri Ameir. "Sindano imenyooka. Akiichoma, atakata mizizi njiani. Kwa dada Felisia ni ukanda tu."

Kisha daktari akaligusa kovu la chanjo begani mwa Felisia, akayatazama matundu ya masikio, akaridhika. Kama makovu yake yangekuwa ya kuvimba, alisema, asingemgusa. Akaongeza kwamba anayemsuka aache kuvuta. Na jambo la mwisho Ameir alilitafsiri neno kwa neno, hilo lazima lisemwe ili asije akasingiziwa: nywele zilizopandwa zitadondoka karibu zote baada ya wiki tatu au nne, mizizi itabaki ndani, na mnamo mwezi wa nne tangu kupandwa zitaota upya.

Kasmir na Felisia walitazamana. Waliwahi kununua simu mia tatu kwa muuzaji aliyewaambia betri zitaanza kukaa na chaji zikishachajiwa mara ya tano. Waliwahi kununua mashuka ambayo rangi yake ingetulia ikishafuliwa. Muuzaji anayekutahadharisha mapema kwamba mzigo utaonekana mbovu, halafu utatengemaa, ni muuzaji ambaye ubovu ameshauona.

"Nusu sasa," alisema Kasmir. "Nusu baada ya mwezi, tukishakagua mzigo. Na mzizi ni yuani kumi na moja."

Agosti ile wateja walikuwa wachache. Daktari Liang alikubali, akaupiga mkataba muhuri.

*

Walimfanyia upasuaji tarehe mbili Septemba, saa saba nzima, akiwa macho, huku redio ikipiga nyimbo za mapenzi. Siku ya tatu uvimbe ulishuka kutoka kichwani ukajaa usoni, macho yakaziba. Kasmir alimnywesha uji kwa mrija. Alimpangia mito ili alale amekaa, kama daktari alivyoagiza, na yeye akalala sakafuni ili asimgonge kichwa usiku.

"Nikoje?" aliuliza Felisia.

"Umenenepa," alisema Kasmir, na kwa miaka kumi na tano ya ndoa hilo lilikuwa neno lake la mapenzi.

Chumba chao kilikuwa ghorofa ya tisa, mtaa wa Xiaobei, na kuanzia katikati ya mwezi Kasmir hakutoka tena. Viza yake ilikwisha tarehe kumi na tano. Ya Felisia ilikuwa nzima hadi mwisho wa Januari, kwa sababu alikwenda nyumbani Pasaka akaja na mpya. Miaka ya nyuma mtu alipanda treni hadi Hong Kong akarudi na muhuri, mambo yakaisha. Mwaka ule wa 2009, taifa lile likijiandaa kutimiza miaka sitini, mawakala wa Hong Kong walikuwa na neno moja tu, meiyou, hakuna. Askari walisimama mlangoni mwa lifti wakikagua pasi kama wakata tiketi. Kasmir alikuwa na kontena linalojazwa bandari ya Nansha, nusu lake bado. Mpango wake ulikuwa kulifunga tarehe ishirini Oktoba, kisha ajipeleke mwenyewe uwanja wa ndege wa Baiyun, alipe faini ya siku zilizozidi, aondoke kwa heshima. Waliolipa namna hiyo waliruhusiwa kurudi. Waliokamatwa hawakuruhusiwa.

Kwa hiyo akawa mtu wa ndani. Mizigo aliikagua kwa simu. Iliposikika sauti kwenye korido ikisema "Huzhao!", yaani pasi, baba wa watoto watatu, mweka hazina wa jumuiya ya parokia, aliingia bafuni akasimama ndani ya beseni la kufulia, kana kwamba beseni lina kinga. Felisia alifungua mlango kichwa bado kimefungwa bendeji na magamba ya vidonda yakionekana juu ya paji la uso. Askari walimtazama, wakaitazama picha ya pasi, wakaomba radhi.

*

Tarehe ishirini na sita nywele zilianza kudondoka. Felisia alizikuta kwenye foronya alfajiri, fupi fupi na nyeusi. Kesho yake zilikuwa nyingi zaidi. Alikaa kitandani akiziokota kwa ncha ya kidole kilicholoweshwa, na kila alipogusa paji la uso nyingine zilimfuata. Mwisho alilia. Alilia kwa sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata walipomkata.

Wangeci, Mkenya aliyesuka wateja chumba cha jirani, na ambaye kwa haki yote alikuwa mmoja wa walioumaliza ukingo wa kichwa kile, alikuja mbio.

"Hao ni wakora, mama Goodness," alisema baada ya kuangalia. "Wamekuchomekea nywele tu, kama maua ya plastiki. Hakuna mizizi hapo, wacha nikuambie."

"Daktari alisema zitadondoka," alisema Felisia.

"Na yule wa simu alisema nini?" aliuliza Kasmir kutoka dirishani.

Felisia alifuta pua. Hapo ndipo angeweza kusema tungoje, subira huvuta heri, na mambo yangekuwa mengine. Lakini alikuwa na kichwa chenye kovu la shubiri nzima nyuma na upara ule ule mbele, na alikuwa na uchungu.

"Nilijua," alisema. "Tangu siku ile nilijua."

Kasmir alilifunga pazia, akakaa karibu naye. Aliokota unywele mmoja kwenye foronya. Kisha akauliza kliniki inafunguliwa lini baada ya sikukuu.

*

Wafanyabiashara wa Guangzhou wana dawa moja ya muuzaji aliyewadhulumu. Hawapigani wala hawatukani. Wanakwenda na bidhaa mbovu, wanakaa mlangoni pa duka lake, na kila mteja anayeingia anaonyeshwa. Muuzaji huhimili saa mbili, aliye hodari sana saa nne, kisha huwaita pembeni na kurudisha fedha. Kasmir aliwahi kumkalia muuza pasi za umeme siku nzima akashinda.

"Na viza yako?" aliuliza Felisia asubuhi ya tarehe tano Oktoba.

"Viza wanauliza kwenye lifti. Kliniki wanauliza nywele."

Mtu aliyekaa ndani siku ishirini, akajificha kwenye beseni, alitoka kwa ajili ya kichwa cha mkewe. Walishuka kwa ngazi, wakachukua teksi hadi kliniki, Tianhe. Ameir waliyemkuta pale chini hakuwa na furaha.

"Kaka, yule alisema mwezi wa nne. Huu wa kwanza tu."

"Wewe leo unalipwa na nani?"

"Na wewe."

"Basi tafsiri."

Sebule ya kliniki ilikuwa na sofa jeupe na picha ya mwanamume mwenye nywele nyingi anayecheka. Wanaume wanne wenye kofia walikuwa wakisubiri. Kasmir aliketi katikati ya sofa, akamkalisha mkewe kando yake.

"Vua kitambaa," alisema.

"Baba Goodness, watu wanaona."

"Ndiyo waone. Mzigo mbovu hauonyeshwi ukiwa umefungwa."

Felisia alifungua kitambaa. Miaka minne hakuwahi kukivua mbele ya mtu mwingine isipokuwa Wangeci na daktari. Upepo wa kiyoyozi ulimpiga pale penye upara, na aibu ikamshika hadi akasikia joto kwenye nyayo. Mama mmoja aliyemsindikiza mumewe alitoa simu akampiga picha. Felisia alikaza macho kwenye picha ya yule anayecheka. Kasmir alikuwa amemshika mkono, na mkono wake ulikuwa umelowa jasho.

Wenye kofia waliondoka mmoja mmoja. Daktari Liang alitoka na glavu zake, akainama, akakitazama kichwa kwa makini, akaonyesha vidole vinne. Kasmir naye alionyesha vidole vitano, maana yake asilimia hamsini aliyoitaka irudishwe. Waliendelea kuonyeshana vidole kwa muda. Kisha msichana wa mapokezi akanyanyua simu.

Askari wawili walipoingia, Kasmir aliwapokea kwa faraja ya kweli. Alidhani kesi imepata waamuzi. Alisimama, akaufungua mkataba wenye muhuri, akaeleza tangu mwanzo: ukanda, mizizi elfu na mia tano, bei, nusu, foronya. Ameir alitafsiri kwa sauti iliyozidi kupungua. Askari mkubwa alisikiliza hadi mwisho. Aliandika. Aliuliza hata bei ya mzizi mmoja, akaonekana kushangaa. Halafu, kwa adabu ile ile, akanyoosha mkono.

"Huzhao."

Felisia alitoa yake. Kasmir alijipapasa mfuko wa shati, wa suruali, wa koti, akarudia wa shati, ilhali alijua fika kwamba pasi iko mfuko wa ndani, kushoto, inamgusa moyo.

Walimhesabia siku zilizozidi hapo hapo. Hawakumfunga pingu. Walimwachia afunge vifungo vya koti lake. Mlangoni aligeuka, na Felisia akadhani atasema jambo kuhusu kontena.

"Funga kitambaa," alisema Kasmir.

*

Walimweka siku kumi, wakamrudisha Tanzania kwa ndege, na pasi yake ikagongwa marufuku ya miaka mitano. Felisia alimpelekea sanduku kituoni. Walilipokea, yeye hawakumruhusu kumwona. Kontena alilifunga mwenyewe huko Nansha, akiwa na buti za mumewe, akigombana na wapakiaji kwa Kichina cha namba tu. Alilala na kitambaa ingawa hapakuwa na mtu wa kumficha. Novemba hapakuota kitu. Alipokuwa akiosha uso alikwepa kioo, na alipokumbuka neno lile alilosema, nilijua, alitamani kujizaba kofi.

Wiki moja kabla ya Krismasi, akipaka mafuta, kidole chake kilikwaruzwa. Alirudia. Palikuwa panakwaruza juu ya sikio la kushoto, kama kidevu cha mwanamume jioni. Hakuwasha taa ya kioo. Kwa siku nne alikagua kwa kidole tu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Mwanzoni mwa Januari nywele zilikuwa na urefu wa punje ya mchele, zikianza kujipinda. Alikwenda Tianhe peke yake, akavua kitambaa bila kuambiwa. Daktari Liang alizitazama kwa kioo chake, akaonyesha vidole vinne na kusema neno moja ambalo hata bila Ameir lilieleweka. Hakutabasamu wala hakumlaumu. Felisia aliweka nusu iliyobaki mezani, na kwa mara ya kwanza tangu afike Guangzhou hakuomba punguzo.

Lakini Felisia hakumwambia mumewe. Kila alipopiga simu alikutana na habari za Kahama kwanza. Kule Kasmir alikuwa amepokelewa kama mtu aliyeumizwa akimtetea mkewe. Alisimulia jumuiya ilipokutana, akasimulia tena kwa walioikosa. Askari walikuwa wameongezeka wakawa sita. Mtu aliyengojewa na kontena akarudi na koti alihitaji hadithi ile, na Felisia alilijua hilo. Kila alipofungua mdomo aseme zimeanza, aliufunga.

*

Jumapili ya tarehe kumi simu iliita, na badala ya sauti ya mumewe aliisikia sauti nzito ya Agustino, mwenyekiti wa jumuiya.

"Mama Goodness, Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Tuko hapa kwako, jumuiya nzima ya Mtakatifu Yuda Tadei. Baba Goodness ameweka spika, tunakusikia wote. Tumekuja kumpa pole, tukaona tusikusahau wewe mwenye jeraha. Hebu tuambie, mama. Hali ya kichwa ikoje?"

Felisia alikuwa amekaa kitandani, kichwa wazi. Alisikia viti vikisogezwa nyumbani kwake, vikombe, mtoto akinyamazishwa. Kisha akasikia kikohozi kimoja kikavu. Miaka kumi na tano alikifahamu kikohozi kile. Kasmir alikohoa hivyo alipokuwa akiogopa jibu.

"Bado," alisema Felisia. "Hazijaota."

"Pole mama!" walisema wote kwa pamoja, na mwanamke mmoja akaongeza kwa uchungu, "Wachina hawa!"

"Usikate tamaa," alisema Agustino. "Leo tunaanza novena. Siku tisa, nyumba kwa nyumba. Kwa Mungu hakuna linaloshindikana, sembuse nywele. Inama tuombe."

Aliinama. Agustino aliomba kwa kirefu, akitaja kichwa, kovu na maadui, akaomba kila mzizi uliouawa ufufuke. Felisia alikuwa ameweka kiganja juu ya paji la uso, na nywele zilimchoma choma kiganjani. Jumuiya ilipoitikia amina, naye aliitikia amina.

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha mlango, kisha kimya.

"Mama Goodness."

"Abee."

"Nimetoa spika. Niko nje." Alishusha sauti. "Sema kweli. Hazijaota?"

Mumewe kamwe hakuwa mjinga. Alikuwa na hasira tu, na hasira ile ilikuwa kwa ajili yake, Felisia.

"Zimeota," alisema.

Alimsikia akitembea hatua kadhaa mbali na mlango.

"Lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne, baba Goodness."

Alimsikia akikaa chini kwenye kitu, labda ngazi za baraza. "Kwa hiyo," alisema Kasmir polepole, "nimefukuzwa China kwa ajili ya nywele zilizokuwa zinaota."

Felisia alitafuta neno la kulainisha, hakulipata. "Ndiyo," alisema, akaanza kulia. "Na mimi ndiye niliyesema nilijua. Ungejificha wiki mbili tu zingine ungeondoka kwa heshima. Nisamehe."

"Tulijua wote wawili," alisema Kasmir. "Tulijua vibaya." Alimwacha alie. Naye alivuta pua mara moja, mbali na simu, asisikike. Baadaye akauliza kwa sauti ya chini, "Zikoje? Kama za duka?"

"Za kwangu. Zinajipinda. Kama zile ulizozikuta."

"Nazikumbuka."

Kutoka ndani mtu alimwita aje afunge sala. "Nakuja, mwenyekiti!" aliitikia, kisha akairudisha simu mdomoni. "Unarudi lini?"

"Tarehe ishirini na nane."

"Vizuri. Novena inaisha tarehe kumi na nane." Alifikiri kidogo, kama alivyokuwa akifikiri kila mara kabla ya kutaja bei yake ya mwisho. "Usimwambie mtu kabla ya hapo, hata Wangeci. Tarehe kumi na tisa asubuhi ndiyo unipigie. Nitaweka spika."